John Logie Baird: Mwasisi wa runinga aliyeachwa mlangoni

JIONI ya Januari 26, 1926, wanachama wapatao 40 wa taasisi ya kisayansi ya Royal Institution walipanda ngazi nyembamba za nyumba nambari 22, Frith Street, mtaani Soho jijini London. Walikuwa watu wenye heshima zao, na baadhi walivalia nadhifu kana kwamba wanaelekea karamuni.

Chumba walichoitiwa kilikuwa kidogo mno, ikabidi waingie sita sita huku wenzao wakisubiri kwenye ujia wenye baridi. Ndani walimkuta mwanamume wa miaka 37, nywele timutimu, amesimama kando ya mtambo ulioungwaungwa kwa mbao, nyaya na vyuma vikuukuu.

Mmoja baada ya mwingine wageni waliketi mbele ya mtambo huo, na katika chumba cha pili wenzao wakaziona nyuso zao kwenye kioo kidogo. Picha ilitikisika na kujaa ukungu, lakini ilikuwa picha ya mtu aliye hai, akipepesa macho na kusogeza midomo. Mzee mmoja mwenye ndevu ndefu nyeupe alisogea karibu kupita kiasi, sehemu ya ndevu zake ikanaswa na gurudumu lililokuwa likizunguka kwa kasi. Hakukasirika. Alisisitiza jaribio liendelee.

Mwenye mtambo huo alikuwa John Logie Baird, na usiku huo ndio unaotajwa na wengi kuwa wa kwanza kwa runinga halisi kuonyeshwa mbele ya mashahidi. Miaka kumi na michache baadaye, mtambo wake ulikuwa umetupwa kando na jina lake kuanza kusahauliwa. Hata hivyo, mengi ambayo watu hukaa kutazama jioni, yaani tamthilia, mashindano ya michezo na nyuso za wasanii, yeye ni miongoni mwa waliotangulia kuyaweka kwenye kioo, tena wakati ambapo kioo chenyewe kilionyesha vivuli zaidi ya picha.

Baird alizaliwa Agosti 13, 1888, katika mji wa Helensburgh, magharibi mwa Scotland. Alikuwa kitindamimba katika familia ya watoto wanne. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa mjini humo, naye mamake alitoka katika ukoo wa waunda meli wa Glasgow. Tangu utotoni alikuwa dhaifu wa mwili, na maradhi ya kifua na baridi yalimwandama hadi kaburini.

Udhaifu huo haukumzuia kuwa mtundu. Akiwa mvulana alitandaza nyaya za simu kutoka nyumbani kwao hadi kwa marafiki zake waliokuwa ng'ambo ya barabara. Simu ilifanya kazi vyema hadi usiku mmoja wa dhoruba ambapo waya uliolegea ulimnasa mwendeshaji wa gari la farasi na kumwangusha chini. Huo ukawa mwisho wa kampuni yake ya kwanza.

Alisomea uhandisi wa umeme katika chuo cha ufundi cha Glasgow, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Glasgow. Vita vya Kwanza vya Dunia vilikatiza masomo yake na hakuhitimu shahada. Katika chuo cha ufundi alisoma na kijana mwingine mwana wa mchungaji, mrefu na mwenye sauti ya amri, aliyeitwa John Reith. Reith ndiye aliyekuja kuwa mkuu wa shirika la utangazaji la BBC, na njia zao zilikutana tena baadaye kwa namna ambayo haikumfurahisha yeyote kati yao.

Jeshi lilimkataa Baird kwa sababu ya afya yake, akaajiriwa na kampuni ya umeme iliyohudumia bonde la mto Clyde. Huko alijaribu kutengeneza almasi kwa kupitisha umeme mwingi katika kijiti cha kaboni alichokifunika kwa saruji. Almasi haikupatikana. Kilichopatikana ni kukatika kwa umeme, na haikuchukua muda akaagana na kazi hiyo.

Miaka iliyofuata inasomeka kama hadithi ya mchuuzi asiyejua kukata tamaa. Alitengeneza dawa ya bawasiri, kisha soksi za kuvaliwa ndani ya soksi nyingine ili kukinga miguu dhidi ya unyevu, na hizo zikamletea pesa nzuri. Mwaka wa 1919 alisafiri hadi kisiwa cha Trinidad akidhamiria kutengeneza jamu ya matunda, lakini wadudu wakaifaidi kumliko yeye. Aliporejea Uingereza aliuza asali, halafu sabuni. Mshindani wake katika biashara ya sabuni, Oliver Hutchinson, ndiye aliyegeuka kuwa mshirika wake katika biashara ya runinga.

Mapema mwaka wa 1923 afya yake ilivunjika kabisa. Akiwa na umri wa miaka 34, bila kazi na akiwa na akiba ndogo tu, alienda kupumzika katika mji wa Hastings, pwani ya kusini mwa Uingereza. Aliunda wembe wa kioo usiopata kutu, akajikata nao vibaya. Akatia vibofu vya hewa ndani ya viatu ili kutembea kwake kuwe laini, navyo vikapasuka njiani. Ndipo alipoirudia fikira iliyokuwa imemkaa akilini tangu ujana wake: kutuma picha kwa mawimbi ya redio jinsi sauti ilivyokwisha kutumwa.

Fikira hiyo haikuwa yake peke yake. Tangu mwaka wa 1884, Mjerumani Paul Nipkow alikuwa amepewa haki ya uvumbuzi wa sahani inayozunguka, yenye vitundu vilivyopangwa kama ganda la konokono. Kila kitundu kinapopita mbele ya kitu hukichambua mstari mmoja wa mwanga. Mwanga huo hugeuzwa kuwa umeme, ukasafirishwa, na upande wa pili sahani nyingine inayozunguka kwa kasi ileile huupanga upya mstari kwa mstari hadi jicho likadanganyika kuwa linaona picha nzima. Nipkow alikuwa na wazo bila vifaa vya kuongezea nguvu umeme ule hafifu. Kufikia miaka ya 1920 vifaa hivyo vilikuwepo.

Baird alianza na alichokuwa nacho. Kasha la majani ya chai lilishikilia mota, sahani ilikatwa kutoka kwa kadibodi ya sanduku la kofia, sindano za kushonea soksi zikawa vyuma vya kuzungukia, lenzi zikatoka kwenye taa za baiskeli, na vyote vikashikamanishwa kwa gundi, nyuzi na lakiri. Kufikia mwaka wa 1924 alikuwa ametuma kivuli cha msalaba kutoka upande mmoja wa chumba hadi mwingine. Mwaka huohuo alipigwa na umeme wa zaidi ya volti 1,000, akaponea chupuchupu. Mwenye nyumba akamtaka ahame.

Ndivyo alivyofika Soho. Alipolitembelea gazeti moja la London kutafuta wa kumwandikia habari, mhariri alimdhania mwendawazimu, akamtuma mtu amwondoe huku akimtahadharisha kwamba huenda mgeni huyo ana wembe. Duka kubwa la Selfridges lilikuwa na mtazamo tofauti. Mwaka wa 1925 lilimlipa aonyeshe mtambo wake kwa wiki tatu, akinamama waliokwenda kununua vitambaa wakapanga foleni kutazama vivuli.

Vivuli havikumtosha. Alitaka sura yenye pua, macho na mikunjo. Kwa kuwa taa zake zilikuwa kali kiasi cha kumuunguza binadamu, alitumia kichwa cha kikaragosi cha kuchezea alichokiita Stooky Bill. Mnamo Oktoba 2, 1925, kichwa hicho kilijitokeza kwenye kioo si kama doa jeupe tena bali sura iliyokamilika. Baird alishuka ngazi mbio hadi ofisi ya chini, akamkamata tarishi aliyeitwa William Taynton na kumketisha mbele ya taa. Alipokwenda kutazama hakuona kitu, kwani kijana alikuwa amerudi nyuma kwa kuogopa joto. Nusu krauni ilimshawishi arejee mahali pake. Kwa hivyo, mtu wa kwanza ambaye sura yake ilionekana waziwazi kwenye runinga ya Baird alilipwa shilingi mbili na nusu, na pengine ndiye msanii wa kwanza wa chombo hiki kulipwa ili avumilie.

Baada ya onyesho la 1926, mambo yalikwenda kwa kasi ya ajabu. Mei 1927 alituma picha kwa njia ya simu kutoka London hadi Glasgow, umbali wa maili 438. Februari 1928 uso wa mtu aliyeketi London ulionekana karibu na New York, ng'ambo ya Bahari ya Atlantiki. Mwezi uliofuata afisa wa redio katika meli ya Berengaria, katikati ya bahari, alimwona mchumba wake aliyekuwa London. Julai mwaka huohuo Baird alionyesha picha za rangi. Yote haya yalifanywa na kampuni changa iliyoanza kuuza hisa zake kwa umma mwaka wa 1927, na ambayo mara nyingi ilikuwa na sifa nyingi magazetini kuliko pesa benki.

Kizingiti kilikuwa BBC, kwani mitambo ya kutangaza ilikuwa yake. Reith na wahandisi wake waliziona picha hizo za mistari 30 kuwa mchezo wa watoto usiostahili kuchukua nafasi ya redio, na kusema kweli hawakukosea kuhusu ubora wake. Picha yenyewe ilikuwa nyembamba na ndogo, ikibadilika mara 12 na nusu tu kwa sekunde. Serikali ilipoingilia kati, BBC ilikubali shingo upande. Matangazo ya majaribio yalianza Septemba 30, 1929, kwa mtambo mmoja tu. Mwimbaji alionekana akiimba kimyakimya kwa dakika mbili, kisha picha ikatoweka na sauti yake ikasikika kwa dakika mbili nyingine. Picha na sauti havikwenda pamoja hadi Machi 1930.

Mhandisi mwingine angengoja hadi mtambo utengemae ndipo afikirie cha kuonyesha. Baird hakungoja, na hapa ndipo alipowaacha nyuma wengi wa wakati wake. Mnamo Julai 14, 1930, kampuni yake pamoja na BBC ilirusha mchezo wa kuigiza wa Luigi Pirandello, mwandishi wa Italia, unaomhusu mtu mwenye ua kinywani, yaani uvimbe wa maradhi yatakayomuua. Wamarekani walikuwa wamejaribu mchezo wao mwaka wa 1928, lakini kwa Uingereza huu ulikuwa wa kwanza.

Mchezo huo ulichaguliwa kwa sababu ulikuwa na wahusika watatu na miondoko michache. Mtambo ungeweza kuonyesha uso mmoja tu kwa wakati. Mwigizaji mmoja alipomaliza, ubao wenye miraba ulisukumwa mbele ya mtambo, mwenzake akateleza kwenye kiti kilekile, ubao ukaondolewa. Nyuso zilipakwa rangi nzito ili macho na midomo vionekane. Mchoraji mashuhuri C.R.W. Nevinson alitengeneza picha za mandhari, zikawa sahili kiasi cha mistari michache tu.

Vikwazo hivyo vilizaa jambo ambalo jukwaa halikuwa nalo. Katika ukumbi wa tamthilia mtazamaji wa viti vya nyuma humwona mwigizaji kama kidole. Hapa, mtu anayezungumzia kifo chake alikuwa uso mtupu, karibu na mtazamaji kama jirani aliyechungulia dirishani. Sanaa ya runinga hadi leo imejengwa juu ya ukaribu huo. Haikubuniwa na msomi yeyote wa fasihi. Ilitokana na sahani yenye vitundu 30 isiyoweza kuonyesha zaidi ya kichwa cha mtu.

Waziri Mkuu wa wakati huo, Ramsay MacDonald, alikuwa miongoni mwa waliopewa seti ya Baird, ikawekwa katika makao yake rasmi. Seti hizo zilizouzwa kwa jumla zilikadiriwa kuwa takriban 1,000, mbali na zile ambazo mafundi wa nyumbani walijiundia. Mwezi huohuo wa Julai, Baird alipeleka runinga katika ukumbi wa Coliseum jijini London, kwenye kiwambo kikubwa kilichoundwa kwa balbu 2,100. Watu waliolipa kiingilio kutazama wachekeshaji na wanasarakasi walitazama pia runinga, kama kioja kimojawapo cha jioni.

Mwaka wa 1931 gari lake lilipiga kambi kwenye uwanja wa Epsom, na mbio maarufu za farasi za Derby zikarushwa hewani. Farasi walionekana kama alama zinazopita kwa haraka. Mwaka uliofuata alirudia, safari hii akiwaonyesha watu waliojaa ukumbi wa sinema jijini London tukio lililokuwa likitendeka maili 14 kutoka hapo, kwa wakati uleule. Kelele zilizopigwa ukumbini zilikuwa za watu waliojihisi wako uwanjani. Yeyote aliyewahi kushuhudia mashabiki wakishangilia bao mbele ya runinga katika hoteli ya mtaani anazifahamu kelele hizo.

Novemba 1931 Baird alimwoa Margaret Albu, mpiga piano kijana aliyezaliwa Afrika Kusini. Harusi ilifanyika New York, bwana harusi akiwa safarini kutafuta biashara ambayo hatimaye hakuipata. Walijaliwa binti na mwana.

Wakati huo tayari msingi wa mtambo wake ulikuwa ukimomonyoka. Huko Marekani, Philo Farnsworth alikuwa ametuma picha mwaka wa 1927 bila sahani wala gurudumu lolote, kwa kutumia umeme peke yake. Nchini Uingereza, kikundi cha watafiti wa kampuni ya EMI chini ya Isaac Shoenberg kilikuwa kikiunda kamera ya umeme. Baird aliishikilia sahani yake kwa muda mrefu kupita kiasi. Huenda ni ukaidi, huenda ni mapenzi ya fundi kwa kitu alichokiunga kwa mikono yake, lakini kosa hilo lilikuwa lake na haliwezi kubebeshwa wengine. Isitoshe, kampuni ilikuwa imeponyoka mikononi mwake. Mwaka wa 1932 ilinunuliwa na wenye biashara ya sinema, na muda si muda akasukumwa kando na wasimamizi wapya.

Mnamo Novemba 2, 1936, BBC ilifungua huduma rasmi ya runinga katika jumba la Alexandra Palace, kaskazini mwa London. Mitambo miwili ilishindanishwa kwa zamu ya wiki kwa wiki: wa kampuni ya Baird wenye mistari 240, na wa Marconi-EMI wenye mistari 405. Sarafu ilirushwa na upande wa Baird ukapata fursa ya kuanza. Waheshimiwa walipanda jukwaani kutoa hotuba. Baird mwenyewe hakualikwa huko, aliketi miongoni mwa watazamaji.

Mashindano hayakuwa sawa. Kamera za EMI zilisukumwa huku na huku, hata nje bustanini. Kamera kuu ya kampuni ya Baird haikuweza kusogea. Ilinasa picha kwenye filamu, filamu ikasafishwa kwa dawa za sumu kwa muda wa takriban dakika moja, ndipo ikachambuliwa na kurushwa. Waigizaji waliichukia wiki ya Baird. Usiku wa Novemba 30 mwaka huohuo, moto uliteketeza jumba la Crystal Palace ambamo kampuni yake ilikuwa na maabara, na vifaa vingi vikaangamia. Februari 1937 ilitangazwa kuwa mtambo wa Marconi-EMI pekee ndio utakaotumika.

Baird alirudi alikoanzia, kufanya kazi akiwa na wasaidizi wachache. Alipoteza mshahara wa kampuni wakati vita vilipozuka Septemba 1939, BBC ikafunga runinga na kampuni ikaangukia mikononi mwa wadai. Mkewe na watoto wakiwa wamehamishwa mbali na mabomu, yeye alibaki katika nyumba yake ya Sydenham, madirisha yakipasuka, akitumia akiba yake kwa utafiti. Sasa aliachana na sahani. Agosti 1944 aliwaonyesha waandishi wa habari kioo cha runinga ya rangi kilichotumia umeme pekee. BBC ilikuja kuanza matangazo ya rangi mwaka wa 1967.

Mbele ya kamati ya serikali iliyochunguza mustakabali wa runinga baada ya vita, alipendekeza Uingereza iruke moja kwa moja hadi kwenye picha za rangi zenye takriban mistari 1,000. Kamati iliona heri kurejesha mistari ileile 405 ya kabla ya vita. Safari hii aliyeshikilia mtambo wa kale hakuwa Baird.

Mapema mwaka wa 1946 alipatwa na kiharusi. Familia ilikuwa imehamia mji wa pwani wa Bexhill, si mbali na Hastings ambako yote yalianza. BBC ilifungua tena runinga Juni 7, na siku iliyofuata ikaonyesha gwaride la ushindi jijini London. Baird aliaga dunia Juni 14, akiwa na umri wa miaka 57, akazikwa Helensburgh karibu na wazazi wake. Hakuacha mali ya kutajika.

Runinga iliendelea na safari yake bila yeye. Ilifika Kenya mwaka wa 1962, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Margaret, mjane wake, alikuwa amerejea Afrika Kusini, na mwaka wa 1973 kitabu chake kuhusu maisha ya mumewe kilichapishwa jijini Cape Town. Wasomaji wake nchini humo walikisoma bila kuwa na runinga ya taifa ya kutazama. Serikali ya ubaguzi wa rangi ilikuwa imeipiga marufuku kwa miaka mingi, ikihofia kile ambacho watu wangekiona. Iliruhusu matangazo kuanza rasmi Januari 1976, miaka 50 kamili tangu wazee wale walipopanda ngazi za Frith Street.